Sukari ya Ami Iliposhuka Tulifurahi Mapema

Mwaka uliopita, wiki chache baada ya Idi, sukari ya ami yangu anayeishi Wete ilianza kushuka yenyewe, ingawa hakuwa amepunguza wali wala kubadilishiwa dawa. Sote tulimshukuru Mungu. Ami, ambaye amejidunga insulini kwa zaidi ya miaka kumi, akaanza kuwaambia jamaa kwamba kisukari kinamtoka, nami nilikuwa miongoni mwa waliomsadiki. Alfajiri moja alianguka akitoka kutia udhu, mwili umemlowa jasho. Tulipomfikisha hospitali na damu yake kupimwa, tukaelezwa kwamba figo zake zimechoka.

Figo huvunja sehemu kubwa ya insulini ambayo mtu hujidunga. Zinapodhoofika, insulini hiyo hukaa katika damu kwa muda mrefu zaidi na kuendelea kushusha sukari hata pale isipotakiwa, kwa hiyo kile tulichokidhani kuwa nafuu kilikuwa ni dalili ya ugonjwa kusonga mbele. Jambo hili bado linaniuma, kwa sababu nyumba nzima ilikuwa ikiandika vipimo vyake daftarini kila asubuhi, na hakuna hata mmoja wetu aliyejua kuvisoma.

Kila figo ina vichujio vipatavyo milioni moja, vidogo mno, vilivyosukwa kwa mishipa myembamba ya damu. Sukari inapozidi kwa miaka mingi mishipa hiyo huharibika, na protini iitwayo albumini, ambayo ilipaswa kubaki katika damu, huanza kupenya kwenye mkojo. Shinikizo la damu, ambalo ami analo pia, huharakisha uharibifu huo. Hakuna maumivu yoyote katika hatua hizo za mwanzo. Kuvimba miguu na mkojo wenye povu huja baadaye, na povu hilo ami alikuwa ameliona kwa miezi mingi akidhani ni sabuni iliyobaki chooni.

Kinachoweza kuugundua ugonjwa mapema ni kipimo cha mkojo kinacholinganisha albumini na kreatinini, taka ya misuli ambayo figo huitoa mwilini, pamoja na kipimo cha kreatinini ya damu. Mwenye kisukari cha aina ya pili anapaswa kufanyiwa vipimo hivi tangu siku anapogunduliwa, kisha kila mwaka. Albumini ikifika miligramu 30 kwa kila gramu ya kreatinini na kubaki hivyo vipimo vinaporudiwa, figo zimeanza kuvuja. Kijiti cha kawaida kinachochovywa kwenye mkojo mara nyingi hakioni kiasi kidogo namna hiyo, na ami alikuwa amepimwa kwa kijiti tu.

Sasa amepunguziwa insulini kwa hesabu ya daktari, anatumia losartani, dawa ya shinikizo ambayo pia huzikinga figo, na ameacha kabisa diklofenaki, dawa ya maumivu inayoweza kuziumiza figo, aliyokuwa akijinunulia kwa ajili ya magoti. Daftari la vipimo bado lipo. Tumeongeza safu ya kreatinini, na binti yake ndiye anayeijaza kila anaporudi naye kutoka kliniki.