Siku moja maishani mwangu: nafundisha uashi nyuma ya geti

Saa 12:20 asubuhi

Simu nimeiacha kwenye geti la kituo cha vijana walio kizuizini, saini nimetia, na kabla ya kufungua stoo nimezunguka nyuma ya karakana kuliangalia zege letu. Ni kitako cha tangi la maji. Tulikimwaga siku sita zilizopita kwa kipimo cha moja, mbili, nne: saruji karai moja, mchanga mawili, kokoto manne. Magunia tuliyoyalaza juu yake yamelowa chepechepe. Kuna mtu ameshamwagilia, na ninamjua ni nani. Kila asubuhi humbembeleza askari wa zamu amfungulie mapema, kisha hubeba ndoo mbili mbili mpaka magunia yashibe.

Nilimweleza mara moja tu kwamba zege halikauki kama nguo, hukomaa kwa saruji kunywa maji. Jua likiyanyonya yale maji mapema, zege hupasuka na uso wake hubaki unga. Kwa hiyo tunalilowanisha siku 7 angalau, na nguvu yenyewe wahandisi huipima siku ya 28. Tangu hapo hakuna aliyethubutu kumgusia ndoo zake. Anaachiwa kesho.

Nitamwita Mrefu. Majina ya vijana hawa hayaandikwi popote. Kanuni za Beijing, ambazo Umoja wa Mataifa ulizipitisha mwaka 1985, zinataka habari za kumtambulisha kijana aliyefikishwa mbele ya sheria zisichapishwe, na katika hilo sina ubishi.

Saa 12:45

Kuhesabu vifaa. Ubaoni kila kifaa kimechorewa kivuli chake kwa rangi, kikikosekana pengo linaonekana toka mlangoni. Miko 12, pimamaji 4, timazi 6 (kamba zenye kizito cha kupimia kama ukuta umesimama wima), nyundo 8, patasi 6, tepu 3, skwea 2. Jumla 41. Nahesabu mimi, anahesabu askari, tunatia saini sote wawili. Mgeni akiona patasi mikononi mwa vijana hawa hushtuka. Mimi nimeshazoea, ila kuhesabu sijawahi kuacha.

Saa 1:30

Orodha ina 12, waliokuja ni 10. Mmoja kesi yake inatajwa leo, mwingine kahamishwa usiku na mimi naambiwa asubuhi hii, akiwa amebakiza siku mbili amalize kupiga lipu. Ugumu wa kazi hii uko hapo hasa, wala si ukorofi wanaoudhania watu. Mtaala unahesabu miezi, mahakama ina kalenda yake, na hizo mbili hazijawahi kuulizana. Ndiyo maana nimeyakata mafunzo vipande 7, kila kimoja na mtihani wake mdogo. Anayeondoka katikati aondoke na alichokwisha kukimudu, kimeandikwa na kusainiwa.

Saa 2:00

Kona. Yule mdogo kuliko wote, ambaye wiki iliyopita aliniapia kwamba hesabu na yeye hawapatani, leo kapima sentimita 60 upande huu, 80 upande ule, akavuta tepu mshazari ikasoma 97. Akaisogeza kamba mwenyewe mpaka ikasoma 100. "Fundi, sasa imekuwa mraba." Sijamwambia kwamba hiyo ni hesabu. Akigundua atakasirika.

Saa 3:15

Tunajenga. Mchanganyiko wetu ni chokaa na mchanga, saruji hatutii, maana kila ukuta unaojengwa hapa hubomolewa jioni, tofali zikwanguliwe na kesho zitumike tena. Ndivyo ufundi unavyofundishwa penye tofali chache. Hata hivyo, kwa vijana hawa nimeona kubomoa kuna uchungu wake, na leo umejitokeza kwenye kozi ya sita, yaani safu ya sita ya tofali.

Kijana mmoja, mwepesi wa mkono kuwaacha wote, alikuwa anajenga kwa macho. Nikamwambia ukuta umelala. Akasema haukulala. Nikarudia. Akautupa mwiko chini, askari akasogea, na wote wakaacha kazi wakatutazama.

Zamani ningempa hotuba. Siku hizi nimeng'amua kwamba mtu aliyekwishasomewa mashtaka, akasomewa na hukumu, hana nafasi ya kumsikiliza mtu mzima mwingine akimweleza alipokosea. Nikamwashiria askari asubiri. Nikachukua timazi, nikamkabidhi, nikaenda na nyingine kukagua ukuta wa jirani yake. Sikugeuka nyuma, ingawa shingo ilikuwa inaniwasha.

Zikapita dakika nne hivi. Kisha nikasikia tofali la kwanza linabanduliwa. Aliposhusha kozi tatu akanifuata, "Fundi, ilikuwa milimita 18." Mimi nakubali 3 kwa mita moja. Nikamwambia akaoshe mikono kwanza, kwa kuwa glavu alikuwa amezivua, na chokaa mbichi, kama saruji, hula ngozi taratibu bila mtu kujua mpaka usiku.

Saa 7:00

Chakula. Nakula nao, haraka.

Saa 7:40

Darasani. Ukuta wa mita 3 kwa 2.4, tofali ngapi? Tofali letu pamoja na kiungo ni milimita 400 kwa 200, kwa hiyo mita moja ya mraba inakula 12.5. Nikaandika ubaoni 90, nikaongeza asilimia 5 ya zitakazovunjika, nikapata 95. Kimya. Halafu Mrefu kutoka nyuma: "Na mlango, Fundi?"

Nilikuwa nimeuchora mlango kwa mkono wangu, nikasahau kuutoa. Sentimita 90 kwa mita 2.1. Tukaanza upya, tukapata 70. Tofali 25 za bure, na mwenye nyumba angezilipa. Walicheka mpaka askari akachungulia.

Saa 8:50

Nimeitwa ofisini. Kuna mkubwa anataka vijana wangu wauongezee ukuta wa nyuma kozi tatu, "kama mazoezi." Ukuta wa nyuma ndio unaowazuia kutoka. Nilikataa. Kanuni za Umoja wa Mataifa za mwaka 1990 kuhusu vijana walionyimwa uhuru zinasema mafunzo yao yasigeuzwe njia ya kukinufaisha kituo, lakini kwa kweli sikuhitaji kanuni. Nilijaribu kupiga picha akilini namna ya kumwambia yule wa milimita 18 apande jukwaani kuujenga, nikashindwa. Nikasema tuko tayari kujenga jiko, choo, au vitako vingine vya tangi. Wanatamani sana kujenga kitu kisichobomolewa. Kile lakini, hapana. Sijui mkubwa atasema nini kesho.

Saa 9:30

Tumebomoa, tumekwangua, tumefagia. Kuhesabu vifaa: 40. Timazi moja haipo.

Utaratibu unajulikana. Hakuna anayetoka. Vijana 10 wamekalishwa chini, wakapekuliwa mmoja mmoja, ndoo zikamwagwa, rundo la mchanga likachimbwa. Zimepita dakika kumi na moja. Walikaa kimya, nyuso zimefungwa kabisa, kama watu waliokwishapekuliwa mara nyingi kuliko wanavyokumbuka.

Timazi ilikuwa mfukoni mwa ovaroli langu. Niliitia humo asubuhi, nilipokuwa najizuia kugeuka.

Nilisimama mbele yao nikaomba radhi. Yule wa milimita 18 akaniangalia, akauliza, "Na wewe Fundi, hupekuliwi?" Wakaangua kicheko. Nikanyanyua mikono, askari akanipekua mbele yao kuanzia kola mpaka viatu.

Saa 10:15

Karatasi za Mrefu. Kamaliza vipande 5 kati ya 7. Naangalia cheti juu na chini, muhuri na anwani, maana kanuni hizo hizo za 1990 zinataka cheti kisionyeshe kwa namna yoyote kwamba kilipatikana kizuizini, na safari moja nililetewa vyeti vimepigwa jina la kituo kwa herufi kubwa kuliko la mwanafunzi. Nilivirudisha vyote. Hiki ni safi, kinaonyesha uashi tu.

Saa 11:00

Natoka. Nyuma ya karakana Mrefu ameinama juu ya zege, na pembeni yake yumo yule mdogo, ndoo mkononi.

"Usimwage kwa kishindo," anamwambia. "Mimina pole pole, gunia linywe. Asubuhi kabla ya jua, na jioni saa hizi."

"Mpaka lini?"

"Fundi anasema siku 7. Wewe fika 28."