Bei naongea na mwenye hela, uso naongea na mwenye uso

Mimi napamba maharusi, napaka vipodozi usoni, na huku kwetu Mtwara harusi zinafuata korosho. Minada ikifunguliwa Oktoba na hela ikaanza kuingia kwenye akaunti za wakulima wa Tandahimba, Newala na Masasi, simu yangu haitulii mpaka Januari. Miezi mingine naishi kwa sendofu, mahafali na piko za Idi. Sina saluni. Nina begi la magurudumu, taa ya kuchaji, kiti kirefu cha kukunja, na bodaboda wangu wa Magomeni anayejua kwamba begi langu halifungwi nyuma, linapakatwa.

Kupaka nimejifunza zamani. Kilichonichukua muda ni kuwajulia watu wanaokuja na uso ninaoupaka. Anayepiga simu mara nyingi si bibi harusi. Ni shangazi, dada mkubwa au mwenyekiti wa kamati, na kila mmoja ana picha yake aliyoitoa Instagram. Shangazi anataka mtoto "atakate". Mawifi hawataki kope ndefu. Mashosti wanataka mashavu yang'ae yaonekane mpaka Mikindani. Mwenyewe yupo pembeni, kimya, maana hela si yake. Ndipo nikajiwekea utaratibu wa kuwatenganisha, nao nausema wazi, kwa adabu: "Shikamoo shangazi. La malipo tutamalizana mimi na wewe. Sasa niazime mwali wako nusu saa." Wengi hucheka na kunipa. Tukishakaa wawili tu ndiyo nasikia ya kweli: kwamba wanja humwasha, kwamba hajawahi kubandika kope, kwamba mwezi wa tatu sasa anapaka mkorogo wa kujichubua.

Hilo la mkorogo ndilo gumu kuliko yote. Vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni vimepigwa marufuku nchini, lakini watu wanavipata, na msimu wa harusi ndio vinapakwa kwa fujo. Anakuja binti uso mweupe, masikio meusi, shingo nyeusi, vifundo vya vidole vyeusi. Ngozi imekuwa nyembamba. Ukiigusa na kitu chenye spiriti anaruka, na poda inakaa mabaka. Simgombezi, maana mimi si daktari wake wala mama yake. Namwomba tu wiki ya harusi asijaribu krimu mpya usoni, na singo, ule msugo wa bibi harusi, apakwe mwilini, uso uachwe na kile ulichokizoea.

Rangi ya fondesheni siilinganishi na uso, nailinganisha na kifua, kwa sababu gauni litakiacha wazi na mpiga picha ataviweka vyote kwenye fremu moja. Nachanganya rangi mbili, wakati mwingine tatu, juu ya kisahani cha bati. Naipitisha kwenye taya, naishusha shingoni, halafu namtoa mlangoni tuitazame kwa jua. Taa ya ndani hudanganya.

Shangazi mmoja wa Chuno hakukubali. Alinunua fondesheni yake mwenyewe, nyeupe kweli, akanikabidhi. Sikubishana naye. Siku ya jaribio nikampaka binti shavu moja kwa rangi ya shangazi na shavu la pili kwa rangi yangu, nikampiga picha kwa flashi, nikampa shangazi simu. Akaitazama, akaisogeza mbali, akairudisha karibu. "Huyu wa upande huu kama kamwagiwa unga," akasema. Kichupa chake akakirudisha kwenye pochi, na siku ya harusi akajipaka mwenyewe.

Ndiyo maana jaribio kwangu si hiari. Nalifanya wiki moja kabla, nalitoza, na hela yake naikata kwenye jumla. Siku hiyohiyo namgusisha gundi ya kope nyuma ya sikio nisikie kesho yake kama pamewasha. Mwenye macho mekundu macho yake siyagusi hata awe dada wa bwana harusi. Brashi ya maskara ni ya kutumia mara moja na kutupa, na lipstiki naikwangua kwa kijiti, haiendi mdomoni moja kwa moja. Wapo wanaoona najishaua. Nawaacha.

Kwa harusi za Kiislamu, ambazo ndizo nyingi hapa mjini, swali langu la kwanza ni nikahi saa ngapi. Ikiwa baada ya alasiri, namtaka bibi harusi aswali adhuhuri ndipo nianze. Anayejiamini hubaki na udhu wake mpaka alasiri. Asiyejiamini, namalizia baada ya kuswali, wanaume wakiwa bado msikitini. Nimekuta wapambaji wanamwambia mtoto wa watu "sala utailipa baadaye". Mimi siwezi kusema hivyo kwenye nyumba ya mtu.

Na joto la Novemba mnalijua. Feni naielekeza kisogoni, napaka tabaka jembamba, poda, nasubiri, narudia. Jasho halifutwi, linagandamizwa kwa tishu. Hiyo tishu namwachia somo wake, yule mama anayemfunda, na namwonyesha namna.

Tuje kwenye hela. Bibi harusi ndani ya manispaa ni 150,000, wasindikizaji 30,000 kila mmoja. Nusu inatangulia kwa simu ili tarehe iwe yako. Iliyobaki naipokea kabla sijafungua begi. Neno "tukilipwa korosho" naliheshimu, nimekulia kwenye nyumba ya korosho, lakini tarehe haishikwi kwa neno. Atakayetanguliza kianzio ndiye mwenye siku. Yote nayaandika WhatsApp kwa mwenye hela: saa, mahali, nyuso ngapi, nauli na malazi kama ni Newala. Idadi ya nyuso ni muhimu, maana nikishawasha taa tu wanaanza kupanga foleni, "dada, na mimi kidogo tu, nyusi." Namtafuta aliyetumiwa ule ujumbe, namwonyesha, yeye ndiye anayewatawanya.

Mama wa bibi harusi simtozi. Namfanya wa mwisho, nyusi na poda na lipstiki ya rangi ya udongo, na mara nyingi ndiyo mara yake ya kwanza kupambwa hivyo na mtu. Kazi zangu nyingi zinatoka kwa hao kina mama, Instagram inafuatia.

Tarehe zikigongana, na Desemba hugongana kila Jumamosi, mteja nampeleka kwa mwenzangu wa Masasi, naye akizidiwa ananiletea wake. Hatukatani chochote. Masharti ni kwamba namtumia na rangi nilizochanganya kwenye jaribio, asianze upya, na mteja akishapambwa naye, simpigii tena simu.