Swali langu lilivyozama kwenye uzi wa watu

Kwa karibu wiki nzima niliamini lile kundi linanidharau. Nilikuwa nimejiunga na waandishi wa programu huria wanaojadiliana kwa barua pepe: unatuma ujumbe kwenye anwani moja, unamfikia kila mwanachama. Nikauliza swali langu. Kimya. Nikauliza tena, kimya. Wengine wakiuliza, hata saa haipiti wameshajibiwa.

Mwishowe mkongwe mmoja wa kundi akaniandikia pembeni: "Ndugu, swali lako nimelikuta kwa bahati tu. Umelitia ndani ya uzi wa wenzio." Uzi ni mfululizo wa barua zinazojibizana. Sikumwelewa. Mada si nilibadilisha?

Kumbe ni uvivu wangu. Anwani ya kundi sikuwa nimeihifadhi popote, kwa hiyo nilikuwa nafungua ujumbe wowote ulio karibu, nabonyeza Jibu, nafuta kila kitu pamoja na mada, kisha naandika yangu. Kwa macho hiyo ni barua mpya. Kwa kompyuta si mpya hata kidogo. Barua pepe hutumwa ikiwa na kitambulisho chake, Message-ID, na ukibonyeza Jibu, programu hukinakili kitambulisho cha ujumbe unaoujibu kwenye mistari miwili iliyofichwa: In-Reply-To na References. Huo wa pili hubeba ukoo mzima, baba, babu, mpaka ujumbe ulioanzisha mazungumzo. Programu nyingi za barua hupanga nyuzi kwa kufuata ukoo huo, na mada uliyoandika haizishughulishi. Swali langu lilikuwa limening'inia chini ya mabishano marefu ambayo watu walishayachoka na kuyanyamazisha.

Mimi sikuona kasoro yoyote kwa sababu huduma ninayotumia hutenganisha mazungumzo pindi mada inapobadilika. Kwangu kila kitu kilikuwa safi. Nikafungua chanzo cha ujumbe wangu, yaani maandishi yake ghafi pamoja na mistari iliyofichwa, nihakikishe, na kweli, vitambulisho vya watu nisiowajua vilikuwa vimejipanga pale juu.

Dawa yenyewe ilikuwa ndogo hadi nikaona aibu: nikaihifadhi anwani, nikaanza barua mpya kabisa, nikauliza kwa mara ya tatu. Majibu mawili yalikuja siku hiyohiyo.

Kosa la pili lilikuwa kinyume cha la kwanza. Ili nisijaziwe sanduku, nilichagua kupokea barua zote za siku zikiwa zimefungwa pamoja, nikawa najibu bunda lile. Jibu langu likawa linaanza uzi wake lenyewe, na mada isiyomwambia mtu chochote. Nikarudi kupokea moja moja, nikaweka kichujio kinachozipeleka kwenye folda yake.

Kilichonitesa zaidi ni kunukuu. Nilizoea kuandika juu kabisa na kuburuta mkia wote wa barua zilizotangulia chini, saini za watu watano zikiwamo. Mwongozo wa zamani wa adabu za mtandao, RFC 1855 wa mwaka 1995, ulishasema unukuu kiasi cha kutosha tu msomaji ajue unajibu nini, na saini isizidi mistari minne. Sasa nafuta yote ila sentensi ninayoijibu, kisha naandika chini yake. Inachukua muda, nakiri. Lakini mara nyingi nikipunguza nukuu nagundua mwenzangu hakusema nilichotaka kumpinga, nikaifuta barua nzima.

Kazini siwezi kujibu chini ya nukuu. Nilijaribu mara moja, bosi akauliza mbona nimemrudishia barua yake bila jibu. Hakushuka chini kusoma. Kule naandika juu kama wengine.

Simu ndiyo imenishinda. Ya kwangu huweka kishale juu na kuificha nukuu nyuma ya vidoti vitatu, kuipunguza kwa kidole ni adhabu. Basi nikiwa njiani nasoma tu, majibu ya kundi yanasubiri nifike kwenye kompyuta.