Skeiti zangu za barafu na ndege, hatimaye nimepata dawa

Jamani hizi skeiti, viatu vyenye bledi vya kutelezea barafuni, zimenitesa. Safari ya kwanza nikaziweka begi la mkononi, uwanja wa kwanza nikapita bila shida, nikafika kwenye kuunganisha ndege afisa akaangalia zile bledi akasema hapana, ikabidi nirudi kaunta mbio mbio jasho linanitoka. Kumbe Marekani TSA, wale wakaguzi wa usalama wa viwanja vya ndege, wanaruhusu skeiti kwenye begi lolote lakini neno la mwisho ni la afisa aliye mbele yako, na nchi nyingine zina sheria zake.

Sasa naziweka begi kubwa linaloenda chini. Mara ya kwanza nikafika na kutu, maana nilizivalisha kava za plastiki ngumu zikiwa bado na unyevu na zile zinashika maji balaa. Siku hizi nafuta bledi mpaka kwenye skrubu kule, naziacha zikauke usiku kucha, navalisha kava za kitambaa, nazungushia taulo na kuzichomeka katikati ya nguo, ndani ya kiatu najaza soksi kisibonyee. Juzi nimefungua begi, makali yako vilevile, hata doa hamna.