Vijana wa Aston na santuri ya siku moja

Jumapili. Zamu yangu ni kesho usiku, kwa hiyo leo ni siku ya kufua, kupika na kukaa na santuri. Nimeiweka tena albamu ya kwanza ya Black Sabbath, bendi ya hapahapa Birmingham, ila safari hii nimejipa sharti: nisimfuate Ozzy anayeimba, nisilifuate gitaa, nifuate dramu peke yake tangu sindano inapogusa sahani.

Nimemaliza pande zote mbili na nimekata shauri: mwenye albamu hii ni Bill Ward, mpiga dramu. Najua mashabiki watanirushia mawe. Hapa Birmingham kila mtu anaapa kwa jina la Tony Iommi, mpiga gitaa, au la Ozzy Osbourne, na hata lile dume kubwa la ng'ombe la mitambo lililowekwa kwenye kituo cha treni cha New Street limepewa jina la Ozzy. Hakuna dume linaloitwa Bill. Lakini sikiliza “The Wizard”. Ozzy anafungua kwa kinanda cha mdomo, gitaa na besi vinaingia na kifungu kizito kinachokatika ghafla, na kila upenyo unapoachwa Ward anauwahi na kuujaza, kila mara kwa namna nyingine. Hashiki mdundo mmoja akaenda nao mpaka wimbo uishe. Anajibu. Sisi tuliokulia kwenye dansi mchezo huo tunaujua: solo inauliza, tumba zinajibu. Yeye aliupata kwa wapiga dramu wa bendi kubwa za jazi za Marekani, akina Gene Krupa na Buddy Rich, ambao ndio aliokua akiwasikiliza. Kwa hiyo hii albamu ambayo wengi wanaihesabu kuwa ya kwanza ya hevi metali, ukiichimba chini unamkuta mtu anayepiga jazi kwa hasira.

Na Geezer Butler, mpiga besi, naye. Alikuwa mpiga gitaa, akahamia besi bendi ilipoundwa, na inasikika: haridhiki kukaa nyuma. Anatembea na Iommi noti kwa noti, kisha anachepuka njia yake, kisha anarudi. “N.I.B.” inatanguliwa na besi tupu, Geezer na pedali yake ya wah-wah, ile inayoifanya sauti ilie kama jina lake, hakuna mtu mwingine. Bendi ngapi za wakati ule zingempa mpiga besi nafasi ya kujitanua hivyo kwenye santuri ya kwanza kabisa?

Jibu la swali hilo, nadhani, ni kwamba hakuna aliyekuwa na muda wa kuwazuia. Waliingia studio ya Regent Sound, London, mwishoni mwa 1969, na mtayarishaji Rodger Bain na fundi mitambo Tom Allom, mkanda wa njia nne tu, wakarekodi kila kitu kwa siku moja, kwa muda wa saa 12 hivi. Walipiga pamoja kama walivyozoea kupiga kwenye baa na kumbi, Ozzy akiwa kwenye kibanda chake akiimba papo hapo. Iommi aliongeza gitaa la pili sehemu chache, basi. Kazi ya kuchanganya sauti ilifanyika baadaye, wao wakiwa wameshaondoka kwenda kutafuta riziki. Ile mvua, radi na kengele ya kanisa vinavyofungua upande wa kwanza, ambavyo kila mtu huvitaja kwanza, waliviongeza watu wa studio. Bendi ilivikuta humo.

Siku hiyohiyo likatokea lingine. Iommi alifika na gitaa lake la Fender Stratocaster. Walipomaliza wimbo wa “Wicked World” pikapu yake, kile kifaa kwenye gitaa kinachonasa sauti ya nyuzi, ikafa. Hakukuwa na nafasi ya kusubiri fundi, akachukua gitaa la akiba alilokuja nalo, Gibson SG, akamalizia nalo kazi. Tangu hapo SG ndiyo ikawa sura yake. Mimi huwa nacheka nikifikiria wavulana wangapi duniani wamedunduliza pesa miaka wanunue gitaa ambalo siku ile lilikuwa la dharura.

Sasa vidole vya Iommi. Hadithi ya vidole inasimuliwa sana, lakini kila nikitoka kazini inanirudia, kwa sababu mimi nami kazi yangu ni ya mikono na mashine. Iommi alikuwa na miaka 17, akifanya kazi kwenye karakana ya mabati hapahapa Birmingham. Alikuwa ameshaaga, maana alipata nafasi ya kwenda kupiga muziki nje ya nchi, na hiyo ndiyo ilikuwa siku yake ya mwisho. Mchana alirudi nyumbani kula, akataka asirudi tena kazini. Mama yake akamwambia hapana, nenda ukamalize siku yako. Karakanani mtu wa mashine ya kubania bati hakuwa amekuja, wakamweka yeye. Mashine ikashuka juu ya mkono wake wa kulia. Alipouvuta, ncha za kidole cha kati na cha pete zikabaki.

Mtu wa mkono wa kushoto, kama yeye, hubana nyuzi kwa mkono wa kulia. Kwa hiyo vilivyokatika ndivyo vidole vya kazi.

Nyapara wake akaja kumtembelea nyumbani na santuri mkononi, akamwambia asikilize. Ilikuwa ya Django Reinhardt, mpiga gitaa aliyeungua mkono mwaka 1928 akabaki akipiga solo kwa vidole viwili. (Nyapara wetu ni mtu mwema, sina neno naye, ila sidhani kama angeniletea santuri.) Iommi akayeyusha chupa ya plastiki ya sabuni ya kuoshea vyombo, akaifinyanga vikofia viwili, akavitoboa kwa chuma cha moto, akavisugua kwa msasa mpaka vikamkaa, kisha akagundisha vipande vya ngozi alivyokata kwenye koti lake kuukuu ili visiteleze juu ya waya. Akatafuta nyuzi nyembamba, hata za banjo, kwa sababu zile za kawaida zilimuumiza.

Wapo wanaosema ndiyo maana alizilegeza nyuzi, na kwamba uzito wa albamu hii umetokana na hilo. Sivyo. Kuzilegeza kulikuja kwenye albamu ya tatu, 1971. Hapa gitaa liko kwenye sauti ya kawaida. Uzito unatokana na jinsi anavyobana: noti mbili tatu badala ya kundi zima la noti (chord), anaziacha zikae, na amplifaya ya Laney, iliyotengenezwa jijini humuhumu, inamalizia. Wimbo wa kwanza una noti tatu tu kwenye kifungu chake kikuu. Ya kwanza, kisha hiyohiyo juu zaidi, kisha ya tatu inayoangukia mahali ambapo sikio linakataa. Geezer alikuwa akichezea kwenye besi kipande cha Gustav Holst kuhusu sayari ya Mars, na siku iliyofuata Iommi akaja na hiki. Ward hapo hapigi mdundo kabisa. Anapiga kama mtu anayebisha hodi kwenye mlango wa chuma.

Wenzake Iommi nao walitoka mulemule. Baba yake Ozzy alikuwa fundi wa kutengeneza zana kiwandani, zamu za usiku. Ozzy mwenyewe alifanya kazi ya kujaribu honi za magari, akafanya kazi machinjioni, akaenda jela ya Winson Green wiki chache kwa wizi kwa kuwa hakuwa na pesa ya faini. Geezer alikuwa akijifunza uhasibu ofisini. Iommi, aliyewahi kujiunga na bendi ya Jethro Tull kwa wiki chache mwishoni mwa 1968, alirudi Aston, mtaa wao wa hapa Birmingham, na jambo moja aliloliona kule: muziki ni kazi, unaamka asubuhi. Akawatoa kitandani, mazoezi saa 3 asubuhi kwenye jumba la jumuiya. Siku ile moja ya London inaeleweka ukijua hilo. Watu waliokwisha piga nyimbo zilezile asubuhi kwa asubuhi hawahitaji wiki tatu za studio.

Katikati ya kusikiliza simu ikalia, video, shangazi kutoka Tanga. Jalada lilikuwa limeegemea ukutani nyuma yangu.

“Shikamoo shangazi.”

“Marahaba mwanangu. Hujambo? Huyo mwanga aliyesimama nyuma yako ni nani?”

Nikageuka. Sikuwa na la kumlaumu. Jalada lenyewe ni mwanamke aliyevaa joho jeusi, uso kama umekauka, nyuma yake nyumba ya kinu cha maji cha Mapledurham, kule Oxfordshire. Mpiga picha, Keith Macmillan, alitumia filamu ya infraredi, ndiyo maana majani yana rangi ya waridi kama yana homa. Ndani, ukilifungua, kuna msalaba uliopinduliwa juu chini wenye shairi. Huo msalaba bendi hawakuuagiza. Waliuona kazi imeshatoka, na ukawaletea wafuasi wa ajabu ambao hawakuwataka. Baba yake Ozzy baadaye aliwatengenezea misalaba ya alumini, iliyosimama sawasawa, wakaivaa shingoni.

Nikamwambia shangazi kwamba kwenye ule wimbo wa kwanza jamaa anaona kitu cheusi kimesimama mbele yake, anatetemeka, anamwomba Mungu amsaidie. Geezer, mtoto wa familia ya Kikatoliki, alisimulia kwamba aliamka usiku akakiona kivuli hicho mwisho wa kitanda chake. Shangazi akanyamaza, akasema: “Basi hakusoma dua kabla ya kulala.” Halafu akahamia kwenye habari za harusi ya binamu yangu na mchango ninaodaiwa.

Albamu ilitoka Ijumaa tarehe 13 Februari 1970 chini ya lebo ya Vertigo. Ilifika namba 8 kwenye chati za Uingereza, na Marekani ikapanda mpaka 23, pamoja na kwamba mwandishi Lester Bangs wa jarida la Rolling Stone aliisema vibaya sana. Nakala yangu si ya chapa ya kwanza, ni ya miaka ya baadaye. Ya kwanza nimeionea dukani: upande A karatasi ya katikati haina majina ya nyimbo, ni duara nyeusi na nyeupe tu, na ikianza kuzunguka inakuvuta macho mpaka kichwa kinauma. Majina ya nyimbo yote yamewekwa upande wa pili. Bei yake sitaiandika hapa, mke wangu husoma humu.

Julai 2025 wote wanne walipiga pamoja kwa mara ya mwisho, uwanja wa Villa Park, hatua chache kutoka mtaa aliokulia Ozzy. Ward alikuwa hajapiga nao kwa miaka 20. Sikuwa na tiketi, niliona vipande kwenye simu wakati wa mapumziko. Katika nyimbo nne walizopiga, ya albamu hii ilikuwa moja, “N.I.B.” Ozzy amekaa kwenye kiti, Ward kifua wazi. Wiki mbili na ushee baadaye Ozzy akafariki, na daraja la Broad Street likajaa maua.

Nirudi kwenye santuri. Upande wa pili ndio dhaifu, nisifiche. “Evil Woman” ni wimbo wa watu wengine, bendi ya Crow ya Marekani, walisukumwa kuurekodi ili kipatikane kitu cha redioni, na unasikia Ward akiwa amefungwa mikono. “Warning” nao si wao, ila pale angalau Iommi anaachiwa aende dakika nyingi, na Ward anamfuata bila kuchoka. Kinachonikera ni kwamba “Wicked World”, ule uliorekodiwa kabla pikapu haijafa, haumo. Uingereza waliuweka nyuma ya santuri ndogo ya “Evil Woman”. Wamarekani ndio waliofanya la maana: kwenye chapa yao wakaitoa “Evil Woman” wakaingiza “Wicked World”, ambao unafunguliwa na matoazi ya Ward yakikimbia kijazi waziwazi, hakuna anayeweza kubisha.

Jamaa wa duka anayo hiyo ya Kimarekani, jalada limechanika pembeni lakini sahani safi. Nimemwomba aniwekee mpaka mwisho wa mwezi. Amekubali kwa shingo upande, na kasema nije na ile yangu, aitazame kama tunaweza kubadilishana nikaongeza kidogo.