Kutafuta kinachochemsha injini: lami, mchanga, kisha mlima

Gari tulilotoka nalo ni fowili ya zamani, dizeli ya silinda 6, na lalamiko la mwenyewe lilikuwa fupi: linachemsha. Rejeta ilishabadilishwa, pampu ya maji ilishabadilishwa, na bado. Kuendelea kulirushia vipuri lingali gereji hakukuwa na maana. Gari la namna hii kwanza huulizwa linachemsha lini: likiwa mbio, likienda polepole, au likiwa limebeba mzigo mlimani. Hayo hayajibiki limesimama, kwa hiyo tukapakia vifaa tukaingia barabarani.

Geji ya dashibodi hatukuitegemea. Nyingi za umri huu zimetengenezwa ili mshale ukae katikati kuanzia nyuzi 75 hivi hadi karibu na 100, halafu unaruka ghafla wakati maji yameshakuwa ya moto kupita kiasi. Tulifunga kihisi kidogo cha joto kwenye shingo ya chuma unapoanzia mpira wa juu wa rejeta, tukakifunika kwa sponji ili upepo wa feni usikidanganye, na waya wake tukaupitisha hadi mbele ya dereva. Mfukoni kulikuwa na kipimajoto cha infraredi, kinachopima bila kugusa.

Saa za kwanza zilikuwa za lami iliyo karibu tambarare, alfajiri ya baridi, mwendo wa kilomita 80 kwa saa. Namba ilipanda kwa uvivu, ikatulia kwenye 66, na kila mteremko ikashuka chini ya 60. Dereva alifurahi. Mimi niliiandika daftarini na kuiwekea alama ya kuuliza, maana injini iliyopangiwa themostati (vali inayowafungulia maji njia ya rejeta yakishapata moto) ya nyuzi 82 haina sababu ya kubaki 66 baada ya mwendo mrefu kiasi kile.

Lami ilipoisha ukaanza mchanga, na upepo ukawa unatusukuma kutoka nyuma. Tulikwenda mwendo wa mtu mwenye haraka. 88, 95, 104. Hapo tukasimama bila kuzima. Injini ambayo haijamwaga maji iache ingurume kwenye mizunguko 1,200 hadi 1,500 kwa dakika, washa hita ya ndani hadi mwisho na feni yake kwa kasi yote, kwa kuwa hita nayo ni rejeta, ndogo tu. Ukizima ghafla, maji husimama katikati ya chuma cha moto na kuchemka ndani ya hedi, kile kifuniko cha chuma kilicho juu ya silinda. Mvuke ukishatoka, au maji yameisha, hapo zima mara moja. Mfuniko wa rejeta usiguswe hadi mpira wa juu ubonyee kwa mkono bila kukuunguza. Na maji baridi yasimiminwe kwenye injini ya moto, hedi huweza kupasuka.

Kuchemsha kwenye mwendo mdogo kunaelekeza kidole kwa hewa, na hewa ni feni. Feni ya magari haya haijashikana moja kwa moja na puli. Katikati yake kuna klachi yenye mafuta mazito ya silikoni, na mbele kuna bamba la metali mbili linalohisi joto la hewa inayopita kwenye rejeta na kuyafungulia mafuta yaishike feni. Klachi nzima injini ikipata moto hunguruma, unaisikia ukiwa ndani na vioo vimefungwa. Yetu ilikuwa kimya. Tulipozima baadaye injini ikiwa bado ya moto, feni iliendelea kujizungukia yenyewe. Iliyo nzima husimama karibu papo hapo. Kwenye kitovu kulikuwa na utepe mweusi wa vumbi lililoganda kwenye mafuta: silikoni ilishavuja. Wapo wanaopima feni kwa kuisukumia gazeti lililokunjwa ikiwa inazunguka. Huko ni kuchezea vidole, na gazeti halikuambii kitu ambacho sikio halijakuambia.

Klachi ya akiba ilikuwa nyuma, imesafirishwa ikiwa imesimama, kwa sababu ikilazwa silikoni huweza kuvuja. Legeza nati 4 za feni kabla ya kulegeza mkanda, la sivyo puli itazunguka na spana yako. Kabla ya kurudisha kava la plastiki tulichungulia kati ya kondensa ya AC na rejeta: mbegu za nyasi zilikuwa zimejishindilia humo, na kwa mbele huzioni. Maji yapulizwe kutoka upande wa injini kwenda nje, kwa presha ndogo, mapezi yasilale. Tulipoingiza gia ya lo, ile ya mwendo mdogo na nguvu nyingi, na kushika mizunguko 2,200, mchanga uliobaki ulipitwa kwa nyuzi 91, feni ikinguruma.

Kisha mlima. Gia ya tatu, kilomita 40 kwa saa, mzigo wote mgongoni: 94, 99, 105. Feni ilikuwa inafanya kazi yake, kwa hiyo hewa ilishatoka kwenye orodha ya washukiwa. Tuliegesha, tukashika mizunguko 1,500 na kupima mipira. Wa juu 101, wa chini 68. Tofauti ya nyuzi 10 hivi ni ya kawaida. Ya 30 na zaidi maana yake rejeta inapoza vizuri mno, ila maji yanayoifikia ni machache. Rejeta iliyoziba ndani ingeonyesha mabaka ya baridi, basi nikapitisha kipimajoto safu kwa safu. Joto lilishuka sawasawa kutoka upande mmoja hadi mwingine. Mpira wa chini haukunywea tulipokanyaga mafuta, maana yake pampu haikuwa inavuta kwenye kizuizi.

Gasketi ya hedi, ile inayoziba kati ya hedi na silinda, ilisubiri asubuhi, kwani kipimo chake kinataka injini iliyolala. Fungua mfuniko, jaza hadi shingoni, washa. Mapovu yanayotoka mfululizo kabla maji hayajapata moto, au mpira wa juu kukakamaa ndani ya dakika moja mfuniko ukiwa umefungwa, ni gesi ya silinda inayopenya kwenye gasketi na kuingia kwenye maji. Hatukuona hata kimoja, na mafuta ya injini hayakuwa na rangi ya maziwa.

Ikabaki ile 66 ya daftarini. Tulifungua nyumba ya themostati, bolti 2 tu, na ndani hamkuwa na kitu. Mtu alishaitoa, kwa imani ile ile kwamba maji yakipita bila kizuizi injini itapoa. Kwenye injini yenye njia ya mkato, kama hii, themostati ina sahani mbili. Ya kwanza hufungua njia ya rejeta, na wakati huo huo ya pili huziba njia ya mkato inayorudisha maji ya moto moja kwa moja kwenye pampu. Ukiitoa, njia zote mbili hubaki wazi, na maji mengi hufuata ile fupi. Ndiyo maana gari hili lilikuwa baridi kwenye lami na moto mlimani.

Themostati mpya hupimwa kabla ya kufungwa. Itundike kwa uzi ndani ya sufuria ya maji pamoja na kipimajoto, isiguse chini. Yetu ilianza kufunguka kwenye 81, na ilipofika 95 ilikuwa wazi zaidi ya milimita 8. Kile kipini kidogo kinachochezacheza kikae juu, ndiko hewa inakotokea. Tulikuwa tumepima maji tuliyomwaga, lita 4. Gari likiwa limeelekezwa pua juu na hita wazi, zilirudi lita 3 tu. Nafasi ya lita iliyobaki ilishikwa na hewa, na lita hiyo iliingia polepole injini ikinguruma, hadi themostati ilipofunguka na mapovu yakaisha.

Mfuniko wa rejeta tuliuweka mpya, wa bar 0.9. Kwenye mwinuko wa mita 2,000 maji matupu huchemka kwa nyuzi 93 hivi. Presha hiyo huyafikisha karibu 115, na mfuniko wenye springi iliyochoka hukunyima nafasi yote hiyo. Sehemu iliyobaki ya mlima ilikwenda kwa nyuzi 90, mpira wa chini 81. Injini ilipopoa, chupa ya akiba ilikuwa imeshuka upana wa kidole. Tukaongeza kulanti, yale maji ya rejeta yenye dawa, na kukaza klipu moja iliyokuwa na unyevu.