Uzoefu wangu: nilivyopata slaidi ya mitosisi inayosomeka kwa mzizi wa kitunguu

Nilitaka wanafunzi waone mitosisi, yaani jinsi kiini cha seli kinavyogawanyika, lakini slaidi tatu mfululizo zilinitolea ukungu wa zambarau tu. Seli zilipandana kama chapati kwenye sahani, kila kiini kikiwa na kivuli cha kiini kingine chini yake, na hakuna mwanafunzi aliyeweza kutofautisha metafezi, moja ya hatua za mgawanyiko huo, na takataka. Ushauri niliopewa ulikuwa mfupi: tia ncha ya mzizi kwenye asidi dakika tano, weka rangi, bonyeza, tazama. Haukutaja asidi iwe na joto gani. Hapo ndipo kazi yote ilipoharibikia, na bado nakutana na walimu wanaopewa maelekezo yaleyale.

Seli za mmea zimeshikamanishwa na pektini, gundi iliyo katikati ya kuta zake. Asidi hidrokloriki ya molari 1 (molari ni kipimo cha ukolevu) huilegeza gundi hiyo, lakini kwa joto la chumba dakika tano hazitoshi kabisa. Inatakiwa nyuzi 60 za Selsiasi, na hapo dakika 5 hadi 8 zinamaliza kazi: ncha inakuwa laini, ukiigusa kwa sindano inatawanyika. Usizidishe. Ukiiacha robo saa, DNA nayo inaanza kuharibika, rangi haishiki vizuri, na unabaki na seli zilizotengana lakini viini vyake vimepauka. Makosa haya mawili yanafanana ukiyatazama harakaharaka, maana yote mawili yanakunyima kromosomu, zile nyuzi zenye DNA ndani ya kiini. Tazama seli: zikiwa zimerundikana, asidi ilipungua muda au joto, zikiwa zimetawanyika lakini viini havina rangi, asidi ilizidi.

Maabara nyingi za shule hazina mashine ya kutunza maji kwenye joto moja. Mimi natumia chupa ya chai, ile ya mdomo mpana. Changanya maji yanayotokota na maji ya bomba nusu kwa nusu. Ukanda wa pwani, bomba likitoa maji ya nyuzi 25 hivi, unapata kama nyuzi 62, na chupa yenyewe inanyonya mbili zilizozidi. Mbeya hesabu hiyo inakuangusha: mji uko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, maji yanatokota kwenye nyuzi 94 hivi na ya bomba ni ya baridi, kwa hiyo nusu kwa nusu inakupa nyuzi 57 tu. Ongeza ya moto, pima kwa kipimajoto, halafu ndipo uzamishe neli ya majaribio yenye asidi kama sentimita mbili. Iache neli ndani ya maji dakika tano kabla ya kutia mizizi, ili asidi nayo ipate moto. Nimeona watu wakianza kuhesabu muda wakati asidi bado ya baridi. Chupa ikifunikwa kitambaa mdomoni hushika joto muda wa kutosha kundi zima la wanafunzi. Chupa hiyo isirudi jikoni tena, iandike jina la maabara.

Asidi yenyewe: ile kali ya dukani ya asilimia 37 ni karibu molari 12. Sehemu moja ya asidi kwa sehemu 11 za maji inakupa molari 1. Asidi ndiyo inayomiminwa kwenye maji, polepole, wala si maji kwenye asidi, na miwani ya kinga iwe machoni.

Kuhusu kitunguu, wengi wanapoteza wiki nzima kwa kuchagua kibaya. Kitunguu maji kilichotoka shambani juzi kimelala, hakitoi mizizi hata ukibembeleze. Hata kile chekundu cha Mang'ola kinachosifiwa kwa mapishi kitakaa kwenye maji kikikutazama. Chagua kilichokaa sokoni muda mrefu, ikiwezekana kimeanza kuchungulia jani la kijani. Paruza mizizi mikavu ya kitako kwa wembe, kidogo tu, usikate kitako chenyewe kwa sababu ndiko mizizi mipya inakotokea. Kikalishe kwenye mdomo wa chupa kwa njiti tatu za meno, kitako kiguse maji bila kuzama. Maji yabadilishwe asubuhi na jioni. Kwenye joto la pwani maji ya siku mbili yananuka na mizizi inageuka kahawia. Siku ya pili hadi ya nne mizizi inafika sentimita moja au mbili, na hapo ndipo uikate. Ukikosa kitunguu kinachoota, punje za kitunguu saumu huota upesi, nazo zina kromosomu 16 kama kitunguu maji.

Kata ncha, loweka kwenye mchanganyiko wa spiriti sehemu tatu na asidi asetiki kali sehemu moja, kwa saa 24. Mchanganyiko huu unaua seli papo hapo na kuzigandisha katika hatua zilizokuwamo. Utengenezwe siku hiyohiyo, maana ukikaa, spiriti na asidi zinaungana zenyewe na nguvu inapungua. Baada ya hapo mizizi ihifadhiwe kwenye alkoholi ya asilimia 70 ndani ya friji, inakaa wiki kadhaa.

Kwa rangi, aseto-osini ndiyo safi zaidi. Pasipo nayo, GV ya duka la dawa iliyozimuliwa tone moja kwa matone tisa ya maji inafaa, dakika mbili, kisha suuza kwa siki. Inapaka hata kuta za seli, hivyo picha haiwi safi sana, lakini kromosomu zinaonekana. Gharama yake haifiki nauli ya daladala kwenda na kurudi.

Ukishatoa ncha kwenye asidi na kuisuuza, itie rangi kwanza kisha ndipo ukate. Sehemu inayogawanyika inashika rangi nzito kuliko nyingine, na ni milimita moja au mbili za mwisho tu. Hiyo ibaki kwenye slaidi, iliyosalia itupwe bila huruma. Wanafunzi huacha sentimita nzima wakidhani wingi ni faida, kumbe wanajaza slaidi kwa seli ndefu zilizokwisha kuacha kugawanyika, halafu wanalalamika kwamba zote ziko intafezi, yaani hazimo katika kugawanyika. Tone moja la rangi, vuruga kwa sindano, funika kwa kioo chembamba. Gonga kioo taratibu kwa kitako cha penseli ya mti mara ishirini hivi, mpaka doa litawanyike kama wingu. Kunja karatasi ya kuchujia juu yake, bonyeza kwa dole gumba moja kwa moja chini. Kioo kikiteleza hata milimita moja, seli zinaviringika kama tambi, na hapo huna la kufanya ila kuanza upya. Kwenye hadubini anza na ukuzaji wa mara 100, tafuta eneo la seli ndogo za mraba, kisha panda hadi mara 400. Punguza mwanga, mwanga mkali ndio unaofuta kromosomu machoni.

Sasa maneno. Mtu aliyekariri orodha ya hatua za mitosisi, yaani profezi, metafezi, anafezi na telofezi, hufika kwenye hadubini akitafuta picha nne. Seli haziko hivyo. Ni mwendo mmoja, na majina ni alama tulizopanga njiani. Walther Flemming, Mjerumani aliyechunguza seli za viluwiluwi vya salamanda, ndiye aliyetoa jina mitosisi mwaka 1882, kutoka neno la Kigiriki la uzi, kwa sababu ndicho alichokiona: nyuzi. Mwaka 1888 Waldeyer akaziita nyuzi hizo kromosomu, yaani miili yenye rangi, kwa jinsi zinavyoshika rangi. Ukiwaeleza wanafunzi hilo wakati jicho liko kwenye lenzi, neno halihitaji kukaririwa tena.

Mitosisi ni mgawanyiko wa kiini. Kugawanyika kwa sitoplazimu ni jambo jingine, linaitwa saitokinesisi, na kwenye kitunguu unaweza kuuona mpaka kati ya haya mawili kwa macho yako: tafuta seli ya telofezi yenye viini viwili ndani ya kisanduku kimoja. Kiini kimeshagawanyika, seli bado. Ukipata nyingine iliyo mbele kidogo, utaona mstari mwembamba katikati. Hilo ni bamba la seli, linaanzia katikati na kukua kuelekea kwenye kuta. Seli ya mnyama haifanyi hivyo. Yenyewe hubanwa kutoka nje kuingia ndani.

Kromosomu na kromatidi ndizo zinazochanganya zaidi, na dawa yake ni hesabu. Kwenye metafezi kitunguu kina kromosomu 16, kila moja ikiwa na kromatidi mbili, yaani nakala mbili zilizoshikana mahali paitwapo sentromia, jumla kromatidi 32. Anafezi inapoanza, sentromia inaachia, na kila kromatidi inahesabiwa kuwa kromosomu kamili: 16 upande huu, 16 ule. Mwanafunzi akiandika kwamba kila upande unapata 8, mrudishe kwenye hadubini.

Na tafadhali, tuache kufundisha kwamba intafezi ni mapumziko. Ndipo seli inapokua na ndipo DNA yote inaponakiliwa. Bila nakala hiyo kusingekuwa na kromatidi mbili za kutenganisha.

Usitafute meiosisi kwenye mzizi, haimo. Farmer na Moore walilipa mchakato huo jina mwaka 1905 kutoka neno la Kigiriki la kupunguza, kwa kuwa idadi ya kromosomu inapungua nusu, nao hutokea kwenye viungo vya uzazi. Anayeutaka achane mhindi ambao mbelewele yake bado imejificha ndani ya majani, atoe vifuko vya chavua. Mahindi yana kromosomu 20, na pale utaziona zimejipanga jozi 10. Kwenye mzizi wa kitunguu hazijipangi jozi hata kidogo.

Nyuzi za spindeli, zile zinazovuta kromosomu kwenda pande mbili za seli, huzioni kwa rangi hizi, ila kazi yake inaonekana pale zinapozuiwa. Mtafiti Albert Levan alitumia kemikali iitwayo kolkisini kwenye mizizi ya kitunguu miaka ya 1930: spindeli ikavunjika, kromosomu zikabaki zimetawanyika. Mwaka 1956 yeye na Joe Hin Tjio, waliofanya kazi Lund, Uswidi, walitangaza kwamba binadamu ana kromosomu 46, si 48 kama ilivyoaminika, na walifika hapo kwa kolkisini na ubonyezaji uleule wa watu wa mimea. Kolkisini ni sumu kali, haifai kuwa shuleni.

Kazi ninayowapa wanafunzi ni kuhesabu seli 200, eneo baada ya eneo, bila kuruka zisizopendeza. Wakipata 20 zinazogawanyika, hiyo ni asilimia 10. Anafezi huwa chache kuliko profezi kwa sababu inapita upesi, basi idadi yenyewe inawaonyesha muda. Slaidi ya namna hii hukauka. Ukipaka rangi ya kucha kwenye kingo za kioo hukaa siku kadhaa. Anafezi nzuri ikitokea, mimi naipiga picha palepale kwa simu, lenzi ikiwa milimita chache juu ya lenzi ya jicho, na viganja viwili vikiegemea shingo ya hadubini.